Redio kimya Tanga, kumbe ni jua

Leo mchana hapa bandarini redio za mawimbi mafupi zimekata ghafla. Hata ule mvumo wa kawaida ulififia.

Watu mbio kwenye antena. Waya mzima, fyuzi nzima, betri volti 12.6.

Jua hilo, jamani.

Likilipuka, eksirei zake hufika duniani kwa dakika 8 hivi. Tabaka la chini la ayonosifea (anga ya juu inayorudisha mawimbi mafupi duniani), kilomita 60 hadi 90 juu, linachajiwa na kuanza kumeza mawimbi. Upande wenye mchana tu. Wenye usiku hawana habari.

Megahezi 4 huzama kwanza na kurudi mwisho. Kwa hiyo usishuke, panda: jaribu 12, kisha 16. Ukikosa, ngoja. Mara nyingi haizidi saa moja au mbili.

VHF chaneli 16, ile ya kuitana baharini, haiguswi, ila ni ya karibu. Pemba wakikupata, shukuru.

GPS shida yake ni baada ya magharibi, hasa Machi na Septemba: anga ya ikweta huchafuka, nafasi inaruka. Dira iwe karibu.

Wa Pangani na Mkoani kule Pemba, kwenu ilikata saa ngapi? Mlikuwa megahezi ngapi?