Sambusa za Adesi kwa Ajili ya Sikukuu: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Kumi la mwanzo la Ramadhani

Mwaka huu nimedhamiria kwamba katika sinia la Sikukuu, hapa kwetu Unguja, ziwemo sambusa ambazo mama mkubwa, mwenye kisukari na presha, pamoja na mdogo wangu aliyeacha kula nyama, watazila kwa raha kama watu wengine. Za nyama zitakuwepo kama kawaida. Ninachotaka ni kuweka kando yake kitu chenye hadhi ileile.

Viazi nimeviacha, kwani kiazi ndani ya manda, yaani ule unga mwembamba unaokunjiwa sambusa, ni wanga juu ya wanga. Nimechagua adesi nyekundu, ambazo zikiwa kavu huwa na takriban gramu 24 za protini katika kila gramu 100, zina nyuzinyuzi nyingi, na huiva upesi bila ya kurowekwa.

Kumi la kati

Kazi kubwa imekuwa kupambana na majimaji. Adesi zikipikwa kwa maji mengi huwa mchuzi, na mchuzi huo huilowesha manda hata kabla sambusa haijaingia motoni. Kwa hiyo nazipika kwa maji ya kuzifunika tu, naziepua zikiwa zimeiva lakini hazijavurugika, nazichuja, kisha nazitandaza kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, maana mvuke uliofungiwa ndani ya manda hugeuka maji. Karoti na kabichi nazikata nyembamba na kuzikaanga kwa mafuta kidogo, moto ukiwa mkali, mpaka zikauke.

Chumvi inataka uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, nami natia nusu ya kijiko hicho katika bakuli zima. Ladha inabebwa na thomu, tangawizi, kotmiri, na uzile niliouchoma kwenye kikaango kikavu na kuutwanga hapo hapo. Ndimu naikamulia mwisho kabisa, matone machache, ili isirudishe unyevu. Mama mkubwa alizionja wakati wa futari akaniambia, “Mwanangu, pilipili imezidi, ndimu ndiyo haijatosha,” nami nimerekebisha kama alivyosema.

Kumi la mwisho

Sasa nimefikia manda, na kwa maoni yangu hapa ndipo afya ya sambusa inapoamuliwa, kuliko hata katika kiini chake. Manda za kununua huwa za unga mweupe. Unga wa atta peke yake, kwa upande mwingine, hutoa manda inayopasuka pale inapokunjwa, kwa kuwa pumba zake hukatakata ule mnato unaoushika unga pamoja. Nusu kwa nusu ndiyo imenipa manda inayokunjika vizuri na bado ina ladha ya ngano. Naukanda unga kwa maji ya uvuguvugu na kuuacha upumzike nusu saa. Kisha nasukuma viduara vidogo, navipaka mafuta, navinyunyizia unga, navipanga kimoja juu ya kingine na kuvisukuma tena kwa pamoja. Vikishapata joto kidogo kwenye chuma, pande zote mbili, navibandua vingali vya moto, navikata, na kuvifunika kwa kitambaa chenye unyevu ili visikauke.

Badala ya kukaanga, nazipaka sambusa mafuta kwa brashi na kuzioka katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, nikizigeuza mara moja. Ngozi yake haifanyi malengelenge kama ya sambusa ya kukaangwa, lakini pembe zake hukauka na kulia zinapoumwa. Zikitoka motoni zinataka wavu, wala zisifunikwe kwa kawa zikiwa bado moto, kwani hulegea mara moja.

Kwa sababu hiyo nimeamua kuzifunga mapema na kuzigandisha mbichi, zikiwa zimepangwa safu moja bila ya kugusana, na kuzioka asubuhi ya Sikukuu mosi wakati watu wako msikitini, nikiongeza dakika chache kwa ajili ya barafu. Kilichobaki ni chatini ya nazi, kotmiri na ndimu, isiyotiwa sukari, nayo nitaisaga asubuhi hiyo hiyo kwa sababu nazi iliyokunwa haikai.