Mikono ya papa

Ilikuwa 2018, hapa Goma. Papa alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, mutu wa kupima mbao kwa macho tu, hana haja ya mita. Tulijua ini yake ni mgonjwa, hepatiti B ya siku nyingi, na tumbo lilishaanza kujaa maji. Lakini wiki ile ikaja kitu ingine: mchana kutwa analala, usiku anaamka anatafuta msumeno. Jirani akasema tumpe kidonge cha usingizi, tukampa, na hiyo inaniuma mpaka leo maana dawa za usingizi njo zinazidisha ugonjwa ule. Kesho yake akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akakaa anafunga vifungo vya shati, anafungua, anafunga tena, kila kimoja kwenye tundu la mwenzake. Mama akasema wamemroga.

Hopitali, docta akamwambia, papa, nyoosha mikono mbele, inua viganja kama unasimamisha motari wa pikipiki. Akanyoosha. Ikashikilia kidogo, halafu viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka tena, pa, pa, pa, na yeye anaviangalia kama si vyake. Mikono ileile iliyochonga magurudumu miaka yote.

Docta akauliza, mara ya mwisho alienda choo lini? Mama akahesabu kwa vidole, siku 4. Hapo njo akatueleza: chakula kikivunjika kwa utumbo kinatoa sumu, amoniaki, damu inaipeleka kwa ini, ini inaisafisha. Munakumbuka lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, barabara zilivyofungwa watu wakapitia kwa viwanja vya wenzao? Ini ya papa imekuwa gumu kama yale mawe, damu inakosa njia, inazungukia mishipa ya pembeni na kufika kwa ubongo na sumu yake. Na choo kikikaa, sumu inaongezeka. Si wazimu, mama, na hakuna aliyemroga. Mama akafunika uso na kitenge akalia.

Wakamuanzishia lakitulozi, dawa ya maji, tamu sana, apate choo laini mara 2 ao 3 kwa siku. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili tulifua mashuka mpaka bidoni zote zikaisha maji. Asubuhi ya siku ya tatu, nimelala chini kwa mkeka, nikasikia jina langu, langu kabisa, papa ananiuliza nani ameacha mbao ya kalitusi kwenye jua, itapasuka.