Ndoo ya mtindi niliyoimwaga Iringa

Nauza mtindi Iringa, na mwaka wa kwanza wa biashara nilimwaga lita 10 kwa mkupuo. Maziwa nilikuwa nimeyachemsha, nikayapoza, nikatia mbegu ya mtindi wa jana. Asubuhi nakuta kifuniko kimeinuka, ndani povu tupu na harufu ya zizi. Mama mmoja, mteja wangu, alichungulia akasema, "Mwanangu, hayo hata paka usimpe."

Afisa mifugo aliniuliza swali moja tu: ng'ombe alichomwa sindano lini? Kumbe aliyeniuzia alikuwa akitibu ugonjwa wa kiwele, na hakungoja dawa iishe mwilini. Dawa hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ikaua mbegu yangu, na vijidudu vya ndoo niliyoiosha kwa haraka vikapata maziwa bila mpinzani.

Hapo ndipo nilipoelewa ile mbegu hufanya kazi gani. Bakteria wake hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, ambayo wadudu wengi wa kuharisha hawaistahimili. Tena baadhi ya Lactococcus lactis, bakteria wa mtindi, hutengeneza protini ndogo iitwayo nisini. Hiyo hunasa kwenye malighafi ambayo bakteria adui hujengea ukuta wake, kisha hutoboa utando. Yaliyomo ndani yanavuja, mdudu anakufa. Bakteria wabaya kama Listeria na Staphylococcus huangamia hivyo. Nisini iligunduliwa 1928, na viwanda huitia kwenye jibini: ukiona E234 kwenye pakiti, ndiyo hiyo. Salmonella na E. koli wana utando mwingine wa nje, nisini peke yake haiwapati. Hao nawaachia moto, asidi na sabuni.

Siku hizi nachemsha, napoza mpaka sufuria isiunguze mkono (mbegu ikitiwa kwenye maziwa ya moto inakufa, hilo nalo nililipia), kisha robo lita ya mbegu kwa lita 10. Nisipunje, maana bakteria wazuri wanatakiwa wawahi kuijaza ndoo. Baridi ya huku nayo inawachelewesha, kwa hiyo naifunga blanketi.

Yule muuzaji bado nanunua kwake. Ila ng'ombe akitoka kwenye matibabu, ananiletea kwanza kikombe kimoja nikijaribu. Wiki iliyopita kiligoma kuganda. Nikampigia simu, akacheka kidogo: "Dada, sindano ilikuwa juzi."