Salfa ya dohani la baharini

Jamani, leo nimeshika kipande cha dohani lililoota juu ya chemchemi moto kwenye sakafu ya bahari! Nje ni masizi meusi yanayochafua vidole, lakini ukuta wa ndani umetanda chalkopairaiti (madini ya shaba, chuma na salfa) inayong'aa kama dhahabu. Pale palipita maji ya zaidi ya nyuzi 350.

Nilikuwa nawinda isotopu za salfa, yaani atomi za salfa zenye uzito tofauti, ili nijue salfa ya dohani imetoka wapi. Basalti (mwamba wa volkano) ya migongo ya kati ya bahari hukaa karibu na 0 kwenye kipimo cha delta 34 (hulinganisha salfa nzito, 34, na nyepesi, 32, kwa sehemu za elfu), ilhali salfati ya maji ya bahari ni kama +21. Vipande vyetu vimeangukia kati, ila vimeegemea sana basalti. Maana yake salfa nyingi imetoka kwenye mwamba. Ya bahari imechangia kidogo tu, kwani maji yakifika nyuzi 150 hivi salfati hujitenga na kuganda kuwa anhidraiti, madini ya salfati ya kalsiamu. (Hiyo anhidraiti ni msumbufu: dohani likipoa inayeyuka, jengo zima linaporomoka.)

Strontiamu nayo, kwa uwiano wa isotopu zake 87 na 86, haifichi kitu: basalti 0.7025, bahari 0.7092. Kesho zamu ya isotopu za madini ya risasi.