Kumtafuta Bibi Salme, Kuanzia Mtoni

Anayetaka kumjua Bibi Salme binti Said, binti wa Sultan wa Zanzibar, asianzie Forodhani. Aanzie Mtoni, kwenye magofu, ingawa wageni wengi hupelekwa kwanza mjini kwenye makabati na mazulia.

Nilikuwa nimetoka Pemba kwa boti, nimefikia kwa shangazi yangu Kikwajuni. Ilikuwa kabla ya Beit al-Ajaib kuporomoka upande mmoja, Disemba 2020. Wakati huo jumba hilo lilikuwa limefungwa, basi tukaliacha tukapanda daladala ya 502 Darajani, ile ya Bububu.

Mtoni ndiko baba yake, Sultan Seyyid Said bin Sultan, alikojenga jumba lake la shamba, ujenzi ukianza mnamo 1828, na ndiko Salme alikozaliwa mwaka 1844. Paa halipo, kuta zinasimama uchi mbele ya bahari. Kijana aliyetutembeza alitufundisha kusoma nyumba: vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya urefu wake. Ukishajua hilo, kila nyumba ya mawe na chokaa Unguja unaitazama kwa jicho jingine. Ua ni mkubwa. Salme mwenyewe ameandika kwamba hapo walizurura tausi, paa, heroe na mbuni, na kwamba walioishi Mtoni walifika kiasi cha elfu moja.

Shangazi alipumzika kwenye kivuli cha ukuta. "Mwanangu, hao elfu walipikiwa na nani?"

"Watumwa, bibi," kijana akajibu.

"Basi nionyeshe jiko."

Kijana akacheka, akatupeleka kwenye mabaki ya hamamu. Nilimuelewa shangazi. Masultani na masuria wanatajwa sana kwenye majumba haya. Waliobeba maji wanatajwa kwa haraka.

Mchana tukarudi mjini, tukaingia Makumbusho ya Kasri, Beit al-Sahel. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Jumba la Watu, na likawa makumbusho mwaka 1994. Ghorofani kuna samani za Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hadi 1960, na kati ya vitanda vya kifalme kumesimama kabati la fomaika kama la sebuleni kwa mtu yeyote wa zama zile. Nililipenda kuliko viti vyote vilivyonakshiwa.

Salme naye ana chumba chake humo, kimepangwa vizuri. Lakini alitoroka Unguja mwaka 1866, na kasri la zamani lilibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya chini ya saa moja. Kuta zinazokizunguka chumba hicho zilijengwa upya baada ya hapo. Vitu vinamhusu, kuta hazimjui. Za Mtoni, zisizo na hata kitanda, zilimsikia akilia uchangani.

Hurumzi kuna makumbusho madogo juu ya maisha yake, yaliyoanzishwa na mtafiti Said el-Gheithy. Hapo ndipo tulipokaa sana. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani mtoto wa kike hakufundishwa kalamu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza: mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultan, mwandishi wa barua za njama alikuwa yeye. Kalamu hiyohiyo ikamtolea kitabu cha maisha yake huko Ujerumani, 1886. Shangazi alirudia mara mbili habari ya mfupa wa ngamia, akauliza kama wajukuu wake wa skuli wanaijua.

Nilitaka twende na Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Shangazi alikataa. Alisema magofu ya bafu ameshayaona Mtoni, sasa anataka urojo.