Nilivyofika kuwa mkemia wa RNA hapa Uganda

Nilipomaliza digrii ya kemia Makerere nyumbani walikuwa wanangoja niende kiwandani, sabuni, rangi au bia, kwa sababu kwa watu wengi hapa mkemia ni mtu wa kiwanda, asipokuwa huko basi anafundisha sekondari. Mzee wangu ni mwanajeshi mstaafu, tumekulia kambini Jinja na Kiswahili ndio lugha ya nyumbani, nikamwambia nataka kazi ya RNA, ile asidi ndugu ya DNA inayobeba maagizo ya urithi ndani ya viumbe na virusi, akaniuliza "sasa mwanangu hiyo asidi unayosema iko ndani ya muhogo, nani atakulipa kuitoa?" Nikamwambia mzee, wakulima wakipoteza muhogo wao mtu atalipa tu.

Ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia ulirudi Uganda 2004 na ubaya wake ni kwamba mmea unaweza kusimama vizuri, majani unayaona ya kijani, ukija kuchimba unakuta mizizi ndani imeoza rangi ya kahawia na haina faida hata kwa unga. Inzi weupe wanausambaza lakini sisi wenyewe tunausambaza zaidi tukipeana pingili za kupanda, jirani na jirani, wilaya na wilaya. Kwa hiyo pingili lazima zipimwe kabla hazijagawiwa, na hapo ndio mkemia anaingia, maana batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, virusi vyake ni vya DNA ila michirizi virusi vyake ni vya RNA, na RNA si mchezo.

Tofauti iko kwenye sukari. Ribosi ya RNA ina kikundi cha haidroksili kwenye kaboni namba 2 ambacho DNA haina, na hicho kikundi kinaweza kuishambulia fosfati ya jirani yake na kukata mnyororo, hasa ukiwa kwenye alkali. Juu ya hapo kuna enzaimu zinazokula RNA, ziko kwenye ngozi ya vidole, ziko kwenye vumbi, unazichemsha na zikipoa zinarudi kazini. Mtu wa biolojia anafundishwa vaa glavu basi, mimi kama mkemia nilitaka kujua kwa nini, na nikishajua kwa nini naweza kujipanga hata pale vifaa ni vichache. Vyombo vya kioo naviweka kwenye oveni ya joto kali masaa kadhaa, maji nayatibu kwa DEPC, kemikali ya kuziua hizo enzaimu, halafu naingiza otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo), na meza yangu hakuna anayeigusa.

Shida kubwa ilikuwa jani lenyewe. Yale maboksi ya kutoa RNA yanayouzwa tayari ni ya bei na kwa muhogo yalikuwa yananipa kitu kidogo sana, kwa sababu jani la muhogo limejaa wanga na fenoli, ukilisaga unapata uji unavutika kama mlenda na ukiuacha unageuka kahawia. Ikabidi nirudi kwa CTAB, njia ya zamani inayotumia aina ya sabuni kupasua seli, na kuijenga kipande kwa kipande: PVP ya kushika fenoli, chumvi nyingi ili wanga ubaki kwenye maji, merkaptoethanoli (harufu yake inakufuata mpaka kwenye taksi ya kurudi nyumbani), klorofomu ya kuondoa protini, mwisho lithiamu kloridi usiku mzima kwenye baridi, hiyo inaishusha RNA chini na sehemu kubwa ya DNA inabaki juu. Asubuhi ukizungusha kwenye sentrifuji unaona chini ya tyubu kautando keupe kadogo, kama ni kahawia ujue fenoli zimekushinda. Kwenye mashine ya kupima mwanga wengi wanaangalia 260/280, yaani uwiano wa mwanga unaomezwa kwenye mawimbi ya nanomita 260 na 280, wakiona karibu 2.0 wanafurahi, mimi naangalia sana 260/230 maana hapo ndio wanga na chumvi zinajificha na ndizo zinaua PCR, kile kipimo cha kuzidisha DNA ili virusi vionekane.

Umeme nao, maabara niliyoanzia ulikuwa unakatika ovyo na friza ya nyuzi -80 bila jenereta si friza. Nilijifunza kutoiamini, RNA nikishaipata naigeuza kuwa cDNA, nakala yake ya DNA, siku hiyohiyo, cDNA ni DNA, inavumilia. Nadhani hilo limeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa chochote.

Kazi zenyewe zimekuja kwa mikataba mifupi, mradi ukiisha unakaa nyumbani unangoja mwingine, na kwa mtu mwenye watoto hiyo inachosha sana tena sana. Kilichonishikilia ni kwamba watu walianza kuniletea sampuli zilizowashinda, viazi vitamu, ndizi, na 2020 korona ilipoingia maabara zikatafuta mikono inayojua RNA, mimi nilikuwa tayari. Halafu 2023 Katalin Karikó na Drew Weissman wakapewa Nobel kwa kubadilisha besi za RNA ili mwili usiikatae, nilimpigia mzee nikamweleza yule mama naye ni mtu wa RNA, akacheka akaniuliza na wewe utapewa lini.

Sasa hivi nafundisha vijana wawili, wote wametoka kemia, na tunajaribu kukausha utomvu wa jani kwenye karatasi maalum shambani kwa mkulima ili sampuli isafiri bila barafu. Kwa batobato inatoka vizuri, kwa michirizi bado RNA inakatika njiani na tunaangalia kama unyevu ndio tatizo.