"Nipe" na "naomba": miezi yangu ya kwanza Kariakoo

Nilihamia Dar es Salaam mwaka 2016 kusimamia ghala la vipuri vya pikipiki, Kariakoo. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Kiswahili nimekisoma toka darasa la kwanza na mtihani wa kidato cha nne nilipata A. Lugha sikuiwazia kabisa.

Kufika wiki ya tatu, vijana wa ghala walikuwa wameacha kunisemesha. Hawakugoma. Nikisema "leta zile breki," mzigo unakuja, ila kwa mwendo wa kinyonga, na pengine si niliotaka. Mama lishe naye, niliyezoea kumwambia "nipe wali maharage," alinipakulia bila kuniangalia, kisha akamchangamkia aliyenifuata. Nikaamua kwamba watu wa Dar hawapendi Wakenya, basi.

Mlinzi wetu, mzee wa Tanga, ndiye aliyenitoa tongotongo. Asubuhi moja nilifika nikamwambia, "Fungua geti." Akafungua, halafu akaniita pembeni.

"Mwanangu, umeamka salama?"

"Salama, mzee."

"Alhamdulillahi. Mimi hujaniuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akaendelea taratibu: huku ukimwambia mtu "nipe", anasikia kama unamdai.

Nililichukua hilo hadi kitandani. Bibi yangu siwezi kumwamrisha kwa Kikamba hata niwe nimelewa. Adabu ninayo, lakini nilikuwa nimefundishwa kwa Kikamba. Kiswahili nilikisomea mtihani, kisha nikakitumia sokoni na kwenye matatu, mahali pa kusema upesi na kushuka. Hawa wenzangu wamebembelezwa, wametongozana na kuzikana kwa lugha hiyohiyo.

Kesho yake nikamwamkia mzee "shikamoo", akaitikia "marahaba" kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Kwa vijana nikaanza na habari za nyumbani, ndipo "naomba unishushie zile breki". Lilinitoka kama shairi la kukariri, wakacheka, nikacheka nao. Kile kicheko kilinisaidia kuliko maneno yenyewe. Siku nyingine mpita njia aliniambia "pole na kazi", nikajikagua mwili mzima nikitafuta nilipoumia. Ni salamu tu; unajibu asante.

(Msidhani jiji zima ni la kubembelezana. Konda wa daladala la Mbagala haombi mtu.)

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni "hapana", kwa sababu haisemwi. Mteja anaagana nawe vizuri, "nitapita kesho, Mungu akijalia," nami namwekea mzigo siku tatu. Kumbe bei ilishamshinda pale pale, hakutaka kuniaibisha. Siku hizi nauliza, "Nikuwekee mpaka saa ngapi?" Akitaja saa, huwa anakuja. Akianza kunishukuru sana, narudisha vitu rafuni. Bado naona utaratibu huu unakula muda, na nimewahi kumwambia mzee hivyo. Alinijibu "tutaangalia".

Desemba nilimpigia rafiki yangu wa Nairobi, tuliyefanya kazi pamoja zamani. Nikamuuliza habari za asubuhi, za watoto, za mvua, za wazee. Alipoona sifiki mwisho akanikatiza:

"Boss, sema tu. Unataka kukopa pesa ngapi?"